Nati ya Mrija wa Chini

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, jua la Bariadi lilikuwa utosini, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa kibanda cha matofali nikitazama barafu. Barafu nyeupe kabisa, imeota juu ya mrija mwembamba wa shaba, wakati nje hata mchanga ulikuwa unachoma unyayo. Chini yake, kwenye ngazi za kushukia ndani, walilala kuku saba, mmoja pembeni ya mwenzake, kama waliopangwa na mtu. Hawakuwa na jeraha wala damu, na macho yao yalikuwa wazi.

Kaa vizuri nikueleze. Habari hii siisimulii kwa haraka, maana nikiiharakisha huwa naruka pale pabaya, na pale pabaya ndipo penye faida yako.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Mashirika yalikuwa yanauzwa, ushirika umelegea, wanunuzi binafsi wa pamba wanazunguka vijijini na mizani zao, na wafanyakazi waliozoea kustaafu kwa heshima walikuwa wanapunguzwa kwa barua ya mistari mitatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo cha mifugo, na watu waliniita Bibi Mifugo ingawa sikuwa na mume wala mtoto. Nilipangiwa kituo cha uhimilishaji, yaani mahali pa kupandisha ng'ombe kwa mbegu ya dume bila dume mwenyewe kuwapo. Kituo kilikuwa kimetoka mikononi mwa serikali kikaingia kwa tajiri mmoja wa mbali ambaye tulimwona mara mbili tu.

Mbegu za madume hazikai kwenye friji ya kawaida. Zinakaa ndani ya naitrojeni iliyopozwa mpaka imegeuka maji. Ukichovya jani humo linavunjika kama kioo. Hewa hiyo ya naitrojeni tunaivuta sote kila siku pamoja na nyingine, lakini ikibaki peke yake haimpi mtu uhai, na haina harufu ya kukuonya. Chuoni tuliambiwa hilo kwa sentensi moja, nikaliandika, nikafaulu mtihani, nikalisahau.

Tangi letu lilisimama nyuma ya ofisi, refu kupita watu wawili, jeupe, na ubavuni mwake palikuwa na kile kibanda, ngazi tatu kwenda chini, penye geji ya kuonyesha ujazo na koki zake. Tajiri aliogopa wezi wa shaba. Aliagiza madirisha mawili ya kibanda yazibwe, nami nikayaziba kwa magunia na mbao bila kuuliza.

Aliyelijua tangi lile alikuwa Mzee Limbu, fundi wa miaka mingi, ambaye barua ya kupunguzwa ilimkuta akiwa ameshika spana. Siku ya kuondoka alinizungusha mara moja. Akaniambia, "Binti yangu, hili lina mirija miwili. Mmoja unatoka juu ya tangi, mmoja unatoka chini. Geji inapima tofauti ya msukumo wa huku na wa kule, ndipo inajua maji yaliyomo. Siku mshale ukianza kucheza, usiiguse geji. Tazama mirija kwanza. Na mlango huu usikae umefungwa kutwa." Nikatikisa kichwa kama vijana wanavyotikisa. Yeye akaenda zake Nyashimo, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli kando ya barabara ya Mwanza.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi halikuvunjika guu langu, mwanangu. Karibu livunjike la mtu mwingine.

Asubuhi moja mshale ulikawia kidogo kupanda baada ya tangi kujazwa. Nikadhani kuna uchafu. Nikachukua spana ya baiskeli, isiyo saizi yake, nikafungua nati ya mrija wa chini, nikapuliza, nikaikaza tena. Katika kukaza nilisikia sauti ndogo, na mkono wangu ukahisi shaba imelegea ghafla, kama jino linapong'oka. Mkono hujua kabla ya kichwa. Nikafuta jasho, nikafunga mlango, sikumwambia mtu. Nilikuwa nimetia sahihi karatasi ya tajiri iliyosema atakayeharibu kifaa kwa uzembe hana kazi.

Siku ya tatu mshale ukaanza. Nilikuwa nimesimama ngazi ya juu na daftari langu, hakuna aliyegusa kitu, nikauona unapanda polepole kutoka nusu hadi robo tatu, ukatulia kama unanitazama, kisha ukaanguka hadi chini ukitetemeka. Ukapanda tena. Asubuhi ulikuwa mtulivu kiasi, lakini jua likipanda nao unachachamaa. Na kutoka ndani ya mabati ya tangi ikaja sauti ya kuvuta pumzi ndefu, halafu kuitoa. Leo najua ni valvu ya juu iliyokuwa inapunguza msukumo wakati wa joto. Wakati ule nywele zilinisimama.

Kila siku nilitakiwa kuandika namba moja ya ujazo, ili naitrojeni ikipungua tuagize nyingine Mwanza. Namba ipi kati ya hizo? Nilichagua iliyonipendeza. Mshale ukigusa robo tatu, naandika robo tatu, nafunga daftari, naondoka na kichwa kizito ambacho nilidhani ni njaa.

Kisha ukaja ukungu. Saa za mchana, chini ya mlango wa kibanda, ukungu mweupe ulikuwa unatambaa kimya juu ya ardhi, unafika hatua tatu nne, unapotea. Mbwa wa kituo, aliyekuwa akilala pale kwenye kivuli, akahama. Ukimwita anasimama mbali, mkia chini, hasogei. Wafugaji walioleta ng'ombe wakaanza kusema tangi lina mtu ndani. Wengine wakasema ni masamva, mizimu ya wenye ardhi ile, imekasirishwa na chuma cha kigeni. Nilisikia yote. Sikusema kitu, maana lile neno "mizimu" lilikuwa linanifunika vizuri kama khanga wakati wa mvua.

Sasa nikueleze habari za Mayu Nyanzobe. Kwetu "mayu" ni mama, na yule alikuwa mama mkongwe, mjane, nyumba yake ya nyasi imepakana na ua wa kituo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amepikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini kwa kukosa kuni, na ule moshi ndio uliomwachia macho yale. Unajua, mwanangu, katika nchi yetu mambo gani yamewapata vikongwe kwa sababu ya macho mekundu. Sitayasema yote.

Joto likizidi alikuwa anakuja kukaa karibu na mlango wa kibanda, maana ubaridi ule ulimtuliza macho. Kuku wake walimfuata. Mtu akipita mchana anamwona mzee wa macho mekundu amekaa peke yake katikati ya ukungu mweupe, miguu haionekani. Mimi mwenyewe nilimwona hivyo siku moja nikarudi nyuma. Akaniita, "Mwadila, ng'wanone." Mchana mwema, mwanangu. Nikaitikia bila kusogea.

Siku ya kuku saba alilia. Kuku wale walikuwa wameingia kwenye ngazi kutafuta ubaridi, wakalala, hawakuamka. Aliwaokota mmoja mmoja kutoka ngazi ya juu kwa kijiti chenye ndoano. Watu walimtazama kutoka barabarani wakasema, tazama, anakusanya sadaka yake.

Siku mbili baadaye mlinzi wetu Luhende, kijana mwenye nguvu za fahali, aliingia kibandani mchana kusaka kelele aliyoisikia. Nilikuwa ofisini. Nilipotoka nilimkuta amelala nje ya mlango, midomo ya kijivu, na Mayu Nyanzobe ameinama juu yake, mikono yake miwili imeshika vifundo vya miguu ya yule kijana. Wengine walikwisha kufika kabla yangu. Walichoona ni hicho: kikongwe ameshika miguu ya maiti. Luhende akavuta pumzi, akakohoa, akafungua macho. Walipomuuliza aliona nini, akasema ukweli wake: "Sikuona kitu. Miguu ilichukuliwa. Nilipozinduka niliona macho mekundu juu yangu."

Ikatosha. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Neno "nogi", yaani mchawi, likaanza kutamkwa wazi. Jioni hiyohiyo watu wakaezua paa la jiko lake. Kiongozi wa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji, mtu mkali lakini si mbaya, akatangaza mkutano wa Alhamisi mchana, hapohapo kituoni, mama yule ajieleze. Nasi tulijua kujieleza kwa namna ile kunaishia wapi.

Wakati wote huo nilikuwa na ile sauti ndogo ya shaba masikioni. Nilijua? Nilijua nusu. Nusu nyingine niliikataa kuijua.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la pamba hadi Nyashimo. Usinisifu. Sikwenda kwa ajili ya Mayu Nyanzobe. Nilikwenda nikitaka Mzee Limbu aje azibe kimyakimya, mambo yaishe. Nilimkuta anaziba tairi. Nikamweleza mshale unavyoruka, barafu, ukungu, kuku, Luhende. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Uliigusa?"

"Hapana, baba."

Akanawa mikono, akachukua mfuko wake wa vifaa, na njia nzima hakunisemesha tena.

Tulifika watu wamekwisha kaa uani, wanaume na marungu yao magotini. Mayu Nyanzobe alikuwa kwenye kigoda katikati, na kumzunguka pameachwa wazi, kama watu wanavyoacha nafasi kuzunguka moto. Hakuwa analia. Alikuwa anajipepea kwa ncha ya khanga.

Mzee Limbu aliwasalimu, akaomba kabla ya neno lolote apewe kibatari na kamba. Akawasha kibatari mchana ule wa jua kali, akakifunga kamba, akafungua mlango wa kibanda, akakishusha huku amesimama nje. Ngazi ya kwanza kikawaka. Ngazi ya pili mwali ukawa mdogo, wa buluu, ukainama. Ngazi ya tatu ukazimika. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyasi. Ukazimika kama uliofinywa na vidole.

Akakivuta, akakiwasha tena, akakishusha, kikazimika palepale. Mara ya tatu akamkabidhi kamba kiongozi wa sungusungu afanye mwenyewe. Yule bwana alishusha. Kikazimika.

"Nani amekizima?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna," Mzee Limbu akasema. "Kimekosa pumzi. Mle chini imejaa hewa ya tangi, baridi na nzito, imesukuma hewa ya watu nje. Kuku walikosa pumzi. Na Luhende pia."

"Na huyu aliyekuwa amemshika miguu?"

"Miguu ndiyo iliyokuwa karibu na mlango, akamvuta nayo hadi nje. Angetaka kumuua, angemwacha."

Nikamwona Luhende anainua uso.

Mzee akaamuru magunia ya madirishani yang'olewe, mlango uachwe wazi, tukangoja mpaka kibatari kikawaka ngazi ya tatu bila kuyumba. Hapo akaingia, akanionyesha nimfuate na ndoo ya maji ya sabuni. Akafunga koki za mirija yote miwili, akafungua ile ya katikati inayosawazisha msukumo. Mshale ukaenda sifuri ukatulia. "Geji nzima," akasema, kama anayejisemea. Akarudisha koki, mshale ukaruka. Akapaka povu kwenye nati ya mrija wa juu: kimya. Akapaka kwenye nati ya mrija wa chini, na povu likaumuka, likapasuka, likaganda kuwa barafu mbele ya macho yetu.

"Pakivuja hapa," akasema, "maji ya baridi yanavutwa kupanda mrijani, yanakutana na joto, yanachemka, yanaupiga mshale teke. Ndiyo kucheza kwake kote." Akafunga koki tena, akafungua nati. Mdomo wa mrija ulikuwa umepasuka, na pembe za nati zimelika kwa spana isiyo yake. Akaiweka mkononi mwangu. Ilikuwa baridi mpaka ikaniunguza, na sikuthubutu kuitupa.

"Kule Nyashimo nilikuuliza, ukanijibu. Sikuulizi tena," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mshale huu haukusema uongo, binti. Ulisema kila siku kwamba mrija ni mbovu. Aliyeandika uongo ni mwenye kalamu. Chuma hiki kingekuwa na mdomo, mama yule asingekaa kwenye kigoda kile. Una mdomo, na ukaufunga. Mimi nimewaonyesha watu kilichoua kuku. Sijawaambia aliyekivunja. Hiyo si kazi ya fundi."

Akanigeuzia mgongo, akaanza kukata mrija.

Ngazi ni tatu tu, lakini nilizipanda kwa muda mrefu. Uani wote walinigeukia. Nikasema. Nilisema nilifungua nati, nikaivunja, nikaogopa kufukuzwa, nikaandika namba za uongo, na niliposikia wanamsema Mayu Nyanzobe nikanyamaza kwa sababu walikuwa hawanisemi mimi. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu. Mzee mmoja akatema mate chini. Kiongozi wa sungusungu akavua kofia yake, nadhani hakujua afanye nini kingine. Aliyefanya jambo ni Luhende. Aliinuka, akavuka ile nafasi iliyoachwa wazi, akaenda kukaa chini, pembeni ya kigoda cha yule mama.

Mzee Limbu alipomaliza kazi mshale ulitulia kabisa, nao ulikuwa karibu na sifuri. Mimi nilikuwa nimeandika robo tatu. Mbegu nyingi za kituo ziliharibika, na wafugaji waliongoja msimu ule wakakosa. Nilifukuzwa, kwa haki. Lakini hayo yalikuwa mepesi.

Jumamosi binti yake Mayu Nyanzobe alikuja kutoka Shishiyu na mkokoteni wa ng'ombe kumchukua. Kiongozi alikuwa amemwomba abaki, watu wamekubali hana kosa. Binti akajibu kwamba jina likishatamkwa halirudi mdomoni, na paa lililoezuliwa mara moja hujulikana njia yake. Nikaenda kusaidia kupakia. Vyungu, mkeka, jembe, kuku wawili waliobaki. Nikapiga magoti mbele ya Mayu Nyanzobe. Aliniangalia kwa macho yale mekundu, ambayo kwa mara ya kwanza niliona yana machozi yanayotoka muda wote bila yeye kulia, kwa ugonjwa tu.

"Ng'wanone, ulikuwa unajua?"

"Nilijua nusu, mayu."

Akafunga fundo la khanga yake.

"Nusu ingetosha," akasema. Akapanda mkokoteni, hawakugeuka nyuma.

Mwaka uliofuata nilisikia amefariki hukohuko Shishiyu, kwa uzee, kitandani kwa bintiye. Wengine waliniambia nishukuru. Nilishukuru. Lakini hakufia nyumbani kwake, na sababu ninaijua.

Basi, mwanangu, nisikilize. Mambo mawili tu. La kwanza ni la kazi. Kifaa kikianza kukuonyesha mambo ya ajabu, usichague lile linalokupendeza ukaliandika. Rudi nyuma polepole, ufuate mirija mpaka ukute panapovuja, na kabla hujaingia mahali penye hewa iliyofungwa, tanguliza moto au mnyama au akili, usitangulize ushujaa. La pili ni la utu. Mficha uchi hazai, na mficha kosa hupata mwingine wa kulibeba. Ukivunja kitu, sema siku hiyohiyo, kosa lingali dogo kiasi cha kukutosha wewe peke yako. Likikua litamtafuta mnyonge, nawe utashangaa limempataje, kumbe njia umelifungulia wewe kwa kunyamaza. Na watu wakianza kumwonyesha mtu kidole, wewe ukiwa na hata punje ya habari inayomtetea, usingoje ikamilike. Iseme hivyohivyo pungufu.

Mungu akujalie kazi ya halali na wakubwa wa kukukemea ungali kijana. Akupe ujasiri unapoogopa, akupe majirani wasiokuacha peke yako, mvua ifike shambani kwako kwa wakati wake, na mlangoni pako asipite mzee akiwa na njaa. Nenda salama, mwanangu. Uzeeke ukipendwa.